Mke wa Mhandisi (Marehemu)

Tarehe 2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nina jambo la kukiri ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, na ninaliandika haraka kabla sijaghairi. Nimekuozesha.

Simaanishi kwamba kuna watu wanakuja kwako kuposa. Mume wako ameshakufa. Nilimuua siku ileile niliyokupa. Tafadhali usiichane karatasi hii kabla sijaeleza.

Unajua kwamba Baba Mkubwa tangu astaafu uhakimu hana tena wa kumhukumu, kwa hiyo ameugeukia ukoo. Amechongesha ubao mpana kama mlango uliolazwa, utundikwe sebuleni kwake, na juu yake uchorwe mti wa ukoo kuanzia kwa babu wa babu yenu. Utafunuliwa Jumamosi ya tarehe 28, siku ya mkutano wa ukoo. Mchoraji ni mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri, na kwa sababu nimemaliza shule na kila anayenitazama anaona mikono miwili isiyo na kazi.

Majina hayaandikwi. Baba Mkubwa anasema yanajirudia mno, watu saba wana jina lilelile la babu, na wajukuu hawatajua nani ni nani. Kila mtu anaandikwa kwa kazi yake. Niliposikia hivyo nilifurahi sana. Kisha akanipa daftari lenye kanuni, na kanuni ya tatu inasema: mwanamume kwa kazi yake, mwanamke kwa mume wake. Basi yeye ni "Hakimu", na Mama Mkubwa ni "Mke wa Hakimu". Baba ni "Msoma Mita", na Mama ni "Mke wa Msoma Mita", ingawa Mama anashona sare za shule tatu na Baba hajui hata kutia uzi kwenye sindano.

Nilikutafuta kwenye daftari. Sikukuona. Nikarudia kutoka mwanzo, nikidhani nimeruka ukurasa. Siku ya tatu nikajikaza nikamuuliza, nikiwa naitazama brashi.

"Baba Mkubwa, na Shangazi?"

"Shangazi yako nimemtafutia mahali nimekosa," akasema. "Tawi haliwezi kuning'inia hewani."

"Lakini Baba Mdogo hajaoa, na yupo."

"Yule ni Dereva."

"Na Shangazi ni fundi wa meno."

Nadhani hilo la mwisho nililisema moyoni tu, kwa sababu hakujibu.

Alipokwenda kujinyoosha baada ya chakula cha mchana, nilichora kisanduku kati ya chake na cha Baba, nikaandika: Mke wa Mhandisi (marehemu). Nilichagua mhandisi kwa sababu neno lilienea kwenye kisanduku. Daktari angeleta maswali, maana Baba Mkubwa anawajua madaktari wote. Na nilimfanya marehemu ili asije akasubiriwa mkutanoni.

Nilitaka tu uwepo, Shangazi.

Kuhusu kile kiti cha mwanagenzi ulichoniandikia, nije kujifunza kazi kwenye karakana yako, Baba anasema yeye hana neno, ila lazima Baba Mkubwa aamue. Na Baba Mkubwa alishasema kwamba msichana hawezi kupelekwa kuishi na mwanamke asiyeolewa. Nimechonga gego jingine la sabuni. Nimelifunga kwenye kitambaa, limo ndani ya bahasha hii.

Ningekupigia simu, lakini unajua ninavyokuwa kwenye simu.

Mwanao,
Kimya


Tarehe 7 Machi

Kimya,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kijana wangu wa plasta akaniuliza kama kuna msiba nyumbani. Nikamwambia ndiyo, nimefiwa na mume. Nilikuwa nafanya mzaha. Yeye amekwenda kuniletea maji na sasa karakana nzima inatembea kwa ncha za vidole. Umeona unachokifanya?

Nisikilize. Nina miaka hamsini na sita. Nina karakana ya vyumba vitatu na watu watano wanaonisubiri asubuhi nifungue mlango. Leo kabla ya saa nne nimemaliza meno ya juu ya mwimbaji anayepiga mluzi kila akitamka "s", na nimemrudishia mzee mmoja uwezo wa kung'ata tofaa, akalia hapa mbele yangu, juisi inamchuruzika kidevuni. Mlangoni pangu pana kibao chenye kazi yangu kwa herufi ndefu kuliko mkono wako. Nusu ya watu wazima wa mji huu wanacheka kwa meno yangu. Halafu ndani ya ukoo nilikozaliwa, nahitaji maiti ili nipate kisanduku?

Na huyo kaka yangu! "Tawi haliwezi kuning'inia hewani." Tangu utotoni anapenda sentensi kuliko watu.

Futa. Rangi ya mafuta inatoka kwa tapentaini na kitambaa cha pamba. Usisugue, utaharibu ubao. Bonyeza, ngoja, pangusa. Pakibaki wazi, paache wazi. Sikukosa mume, Kimya. Nilitazama yaliyokuwepo nikaona nina shughuli.

Sasa mambo ya maana. Gego lako ni la ng'ombe, ukubwa ule hauingii kinywani mwa binadamu. Ila ile mifereji ya juu umeiona vizuri, na kuna watu nimewafundisha mwaka mzima hawajaiona. Kiti nakushikia hadi Jumatatu tarehe 6 Aprili. Zaidi ya hapo siwezi, mwanagenzi wa sasa anaondoka mwisho wa mwezi huu na kazi inalundikana. Kuna binti wa mteja wangu anakililia kiti hichohicho, na yeye ana baba anayejua kuamua. Fomu nimeiweka humu. Hujafika miaka kumi na minane, kwa hiyo bila sahihi ya mzazi chama cha mafundi hakitakuandikisha, hata nikiwapigia magoti.

Mpelekee baba yako. Baba yako, si Baba Mkubwa.

Shangazi yako

Nimesahau: mhandisi wa nini? Kama ni lazima nimzike, angalau nijue alikuwa anashinda wapi.


Tarehe 12 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Tapentaini nilinunua. Nilikwenda nayo kwa Baba Mkubwa asubuhi ileile nilipopata barua yako, chupa ikiwa ndani ya mfuko wa brashi. Nikamkuta ameketi mbele ya ubao, miwani ameivua, ameishika mkononi.

Nilijua nimekwisha.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikauficha mfuko wa brashi nyuma yangu.

"Wewe anakuandikia, alikwambia wewe. Mimi kaka yake nasoma kwenye ubao." Kisha akatoa leso. Shangazi, alikuwa analia. Sijawahi kumwona Baba Mkubwa analia, hata babu alipozikwa.

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Naapa nilifungua. Kilichotoka ni "samahani", na yeye akaichukua kuwa ndiyo.

Basi Mama Mkubwa akaja kutoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Alikuwa mhandisi wa nini, mwanangu?"

"Wa madaraja."

"Na alikufa na nini?"

"Moyo."

"Wahandisi wa madaraja ndivyo walivyo," akasema Mama Mkubwa kwa uchungu, kana kwamba ameshazika kumi. Lakini aliponigeukia aliniangalia muda mrefu kidogo.

Najua umeshika kichwa. Ngoja, sijafika mahali penyewe. Baba Mkubwa alijipangusa, akavaa miwani, akasimama. "Basi ni mjane," akasema. "Mjane ni mtu mwingine kabisa. Nyumba ya mjane ni nyumba ya heshima." Akamwita Baba palepale. Baba akaja na sare yake ya kazi, akasimama karibu na mlango kama mtu aliyekuja kusoma mita. Baba Mkubwa akamwambia kwamba amefikiri upya na ninaweza kuja kwako kujifunza. Baba akasema "sawa, kaka". Nilipompa fomu tulipofika nyumbani, akasema atasaini baada ya mkutano, kaka akishalitangaza rasmi, ili mambo yaende kwa utaratibu.

Kwa hiyo nakuja! Yaani, nitakuja. Nimefurahi hadi nimeshindwa kula, na nimeona aibu hadi nimeshindwa kula, sijui ni kipi kilichonizuia.

Chupa ya tapentaini ipo chini ya kitanda changu. Nikifuta, yeye atajua, na sitakuja. Shangazi, naogopa hata kuandika hili: unaweza kuwa mjane hadi nimalize mafunzo? Ni miaka mitatu tu.

Mwanao,
Kimya


Tarehe 13 Machi

Kwa mdogo wangu wa kike,

Pole. Na baada ya pole, lawama.

Nimepokea habari za msiba wako kwa njia isiyostahili, kupitia brashi ya mtoto. Mimi ni kaka yako mkubwa na mkuu wa ukoo huu. Kama uliolewa bila kutushirikisha, ni kosa. Kama ulifiwa bila kutushirikisha, ni kosa la pili, na hili ni zito zaidi, kwa kuwa la kwanza mtu anaweza kulifanya kwa haraka lakini kuomboleza kunahitaji watu.

Hata hivyo nimelitafakari jambo lako kwa siku nzima na nimeona upo utetezi. Miaka yote hii nilidhani unavyokaa mbali na unavyojibu kwa mkato ni kiburi cha kazi. Kumbe ni majonzi. Nilikuhukumu bila ushahidi wote. Ningejua, ningekuwa nimefika kukutembelea.

Naomba uniletee mambo yafuatayo kabla ya mkutano: picha ya marehemu, ikiwezekana akiwa amesimama kwenye daraja mojawapo, jina la ukoo wake, na kama aliacha watoto kwa mke mwingine, tuwajue mapema kuliko kushtukizwa.

Kiti chako tarehe 28 kitakuwa safu ya mbele, kati ya mjane wa Mfamasia na mjane wa Karani. Mimi mwenyewe nitasema maneno machache juu yako.

Binti wa mdogo wetu nimemruhusu aje kwako. Nyumba yenye huzuni inahitaji mtoto wa kutumwa maji.

Kaka yako,
Hakimu Mstaafu


Tarehe 19 Machi

Kimya,

Miaka mitatu "tu"?

Nimeanza barua ya kumjibu kaka yangu mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na matusi. Ya pili ilikuwa na matusi ya kisheria. Ya tatu niliifunga kwenye bahasha, nikaandika anwani, nikafika hadi posta, nikarudi nayo. Nimerudi nikakuta mezani kwangu karatasi ya pole imewekwa sahihi na wafanyakazi wote watano. Yule wa kupiga msasa amechora daraja. Nani amewaambia habari za daraja? Nimewaambia mimi mwenyewe, kwa hasira, nikiwa nasoma barua yako kwa sauti! Sasa nikisema mume hakuwepo wananitazama kwa huruma, wanadhani ndiyo namna yangu ya kuvumilia. Jana mteja mmoja kanishika mkono wakati ameachama na plasta imo mdomoni.

Nikuambie kitu ambacho sikukusudia kukuambia. Babu yako alipofariki, kaka yangu aliandika tangazo la msiba. Aliacha mke, likasema, na watoto: Hakimu, Msoma Mita, Dereva, na wengineo. Hao "wengineo" ni mimi. Niko peke yangu, na bado niliandikwa kwa wingi. Dawa za babu yako za miezi ya mwisho nilizifuata mimi, na meno aliyozikwa nayo niliyatengeneza mimi, nikayasugua hadi yakang'aa kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda kuonekana nadhifu. Nilisimama pale na lile tangazo mkononi nikajitafuta kama ulivyonitafuta wewe kwenye daftari.

Kaka hajawahi kuvuka kizingiti cha karakana yangu. Miaka ishirini na saba. Sasa amekuja bwana ambaye hakuzaliwa, hakufanya kazi, hakujenga hata daraja la kuvukia mfereji, amekaa kwenye ukoo siku kumi, na tayari amenipatia safu ya mbele.

Na niseme lote. Niliposoma "safu ya mbele", nilifurahi. Kwa sekunde mbili hivi. Ndiyo maana nimekasirika namna hii. Kukasirishwa na kaka nimeshazoea.

Basi uamuzi wangu ni huu. Tarehe 28 siji. Nikija mdomo wangu hautavumilia, nitasema mbele za watu, na wewe utapoteza kiti chako kwa ulimi wangu. Nikiendelea kunyamaza nakupa kiti, lakini nitakufundisha kuchonga meno huku kila siku nikikutazama na kujua uliingia kwa mlango gani. Siwezi kukuchagulia. Brashi unayo wewe, na tapentaini unayo wewe. Chochote kitakachokuwa kimeandikwa siku hiyo sitakikana wala sitakisherehekea.

Una miaka kumi na saba. Ningekuwa na huruma zaidi ningeamua mimi. Lakini wote waliowahi kuniamulia walisema ni huruma.

Kiti bado ni hadi tarehe 6.

Shangazi yako


Tarehe 29 Machi

Kwa mdogo wangu,

Sijui nianze vipi. Nitaanza na ukweli wa mambo, kisha hukumu.

Jana saa tano asubuhi, mbele ya watu themanini na wawili, nilisoma historia ya ukoo kwa dakika arobaini. Nikazungumza juu yako. Nilieleza habari za marehemu shemeji, nikalitaja daraja, na wanawake wa safu ya nyuma walifuta machozi. Kisha nikavuta kitambaa.

Mahali palipokuwa na maneno "Mke wa Mhandisi (marehemu)" palikuwa na maneno "Fundi wa Meno". Herufi zake ni kubwa kuliko zangu. Rangi ilikuwa mbichi bado. Imenishika kwenye mkono wa kanzu.

Mjane wa Mfamasia akauliza, "Mhandisi yuko wapi?"

Ndipo binti huyu, ambaye hawezi kumsalimia mgeni bila kutazama miguu yake, akasimama. Alikuwa anatetemeka hadi kiti kilichokuwa mbele yake kikawa kinagonga sakafu. Akasema: "Hakuwahi kuwepo. Nilimtunga mimi. Shangazi hajaolewa, ni fundi wa meno, na mimi nataka kuwa fundi wa meno." Alisema kwa sauti ndogo sana, kwa hiyo wa mbele wakawaambia wa kati, wa kati wakawaambia wa nyuma, na mzee mmoja asiyesikia vizuri akataka arudiwe. Nimesimama pale, kitambaa mkononi, nikisikia aibu yangu ikisemwa mara nne.

Ningelimudu hilo. Nimeshaona mashahidi wakigeuka. Lakini mke wangu naye akasimama.

"Na mimi je?" akasema.

Nikamwambia akae, tutazungumza nyumbani.

"Hapa ndiyo nyumbani. Miaka thelathini na minane naamka kabla ya jua nawasha tanuri. Mkate ulioko mezani hapo ni wangu, na uliokusomesha uhakimu ni wangu. Mke wa Hakimu ndiyo kazi gani? Ina likizo?"

Watu wakacheka. Mdogo wetu Dereva alicheka hadi akatoka nje. Kisha mjane wa Karani akasema yeye alikuwa mkunga, na yule wa Mfamasia akasema yeye amefuga kuku mia tatu, na ndani ya robo saa walikuwa wamejipanga mstari mbele ya mtoto mwenye brashi kama watu wanaosubiri kupigwa muhuri. Mkutano haukurudi tena kwenye ajenda.

Hukumu. Ubao nimeugeuza ukutani. Ruhusa niliyompa binti nimeifuta. Haji kwako, wala sasa wala baadaye, na baba yake amekubali. Alidanganya ukoo mzima, kisha akausahihisha bila kuniomba kibali. Sijui katika hayo mawili ni lipi lililoniuma zaidi. Nilikulilia, mdogo wangu. Nililia machozi ya kweli. Hayo nayo nani atanirudishia?

Hakimu Mstaafu


Tarehe 31 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Najua Baba Mkubwa ameshakuandikia, kwa sababu alinituma mimi posta. Kwa hiyo yaliyotokea unayajua, ila labda hakukuambia kwamba "Fundi wa Meno" niliandika mara mbili kwa sababu mara ya kwanza rangi ilichuruzika na "M" ikaonekana kama ngazi.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini nilifanya, maana nilikuwa nimeshaamua kuacha. Nilikaa mbele ya ubao asubuhi ile na nikajiambia, miaka mitatu si mingi, Shangazi ana moyo mkubwa, atavumilia. Halafu nikafikiria siku moja mimi mwenyewe niko kwenye ubao wa mtu mwingine, na kuna msichana amekaa ananitafutia mume aliyekufa. Nikafungua chupa. Ulisema nisisugue, nibonyeze na kungoja. Mhandisi wako alitoka polepole, Shangazi. Neno "marehemu" ndilo lililotangulia, kwa hiyo kwa dakika kama tano ulikuwa na mume mzima.

Lakini nakuandikia kwa ajili ya kitu kingine, kilichotokea leo.

Jumamosi Baba Mkubwa aliposema siendi, Baba alijibu "sawa, kaka", sauti ileile ya siku aliyoambiwa naenda. Nilikasirika, Shangazi. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika maishani, na kwa kuwa sijui kukasirika, nilifua. Nilifua mashuka, mapazia, hata kitambaa cha redio. Mama akaniambia, "Ukimaliza nguo utaanza kufua kuta?"

Leo mchana nilikuwa uani naanika. Baba akarudi kutoka kazini kabla ya wakati, akapita moja kwa moja ndani, kisha akaniita. Alikuwa amekaa mezani na kofia yake kichwani, na mbele yake ile fomu. Mkononi alikuwa na kalamu anayoandikia mita.

"Hii inaandikwa wapi?"

"Pale chini, Baba. Palipo na mstari."

Akasaini. Taratibu, kwa herufi zote, kama mtoto wa darasa la pili. Kisha akapuliza wino.

"Mimi sijasaini kitu," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa upande wa kituo cha basi, nasoma mita. Nikikuona na begi zito nitalishika kidogo, kwa sababu ni zito."

"Lakini mita za upande ule ulizisoma wiki iliyopita."

"Zinasomwa tena."

Kisha akanieleza mpango wote, na nilikuwa nasikiliza huku nikitamani kupiga kelele. Watu wakiuliza, mimi nimetoroka. Yeye aliamka akakuta kitanda kitupu. Mama naye hajui kitu. Mama alikuwa ameshatandika nguo zangu kitandani, zimepigwa pasi, hajui kitu. Kama Baba Mkubwa akikasirika, Baba atakasirika pamoja naye.

"Nitasemwa vibaya, Baba," nikamwambia. "Watasema mtoro."

"Utasemwa wiki mbili. Kisha utarudi likizo na zawadi, watanyamaza." Akavua kofia, akaitazama ndani. "Mimi kaka yangu ni yule tu, Kimya. Na nakaa nyumba ya tatu kutoka kwake."

Nilitaka kumwambia kwamba ana miaka arobaini na tisa. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilisimama mbele ya watu themanini na wawili, na yeye anaogopa mmoja. Maneno yalikuwa tayari kabisa, yamejipanga, na kwa mara ya kwanza nadhani yangetoka. Lakini alikuwa bado anaipuliza ile sahihi, ingawa wino ulikuwa umeshakauka, na anaishika fomu kwa kingo zake tu ili asiichafue. Nikasema, "Asante, Baba." Akasema, "Asante ya nini? Mimi sijui kitu." Akarudi kazini.

Basi Jumatatu jioni nitagonga mlango wenye kibao. Fomu nitakuwa nayo, imesainiwa.

Najua utakavyokasirika ukisoma hapa. Nimefuta uongo mmoja hadharani na sasa nakuletea mwingine mbichi, hata haujakauka. Ule wa kwanza ulikuwa wangu, ndiyo maana niliweza kuufuta. Huu ni wa Baba. Atakapoweza atausema mwenyewe, na asipoweza, nadhani ninaweza kuubeba. Si mzito kama begi.

Baba Mkubwa atakuandikia kuuliza ni nani aliyethubutu kuweka sahihi. Sikuombi useme uongo. Nakuomba tu uchelewe kujibu, kisha usahau kujibu, na mtu yeyote wa ukoo akisema kwako kwamba mimi ni mtoro asiye na adabu, uendelee na kazi yako. Kijana wa plasta usimwambie. Wa msasa ndiyo usimwambie kabisa. Barua hii usiisome kwa sauti. Ni mimi na wewe tu, Shangazi, na tafadhali iishie kwako.

Mwanao,
Kimya